Mtoto Hanunuliwi Dukani

Wahariri wa jarida la chama chetu wamenipa nafasi nitoe maoni yangu juu ya jambo lolote linalonikera. Najua wenzangu wataandika juu ya michezo, mitihani na dawa za kulevya. Mimi nitaandika juu ya mtoto mchanga. Kuna watakaocheka, hasa wale wanaopenda kukaa nyuma darasani, lakini nawaomba mvute subira kidogo. Jambo ninalotaka kulisema si dogo. Karibu lilete msiba nyumbani kwetu, na aliyelianzisha ni mimi mwenyewe.

Maoni yangu ni haya. Mama akiwa mjamzito, yule mtoto aliyetangulia aambiwe ukweli na aandaliwe mapema kumpokea mwenzake. Asifichwe, asidanganywe na asichekwe. Tena kazi hiyo si ya wazazi peke yao. Ni yetu pia sisi ndugu wakubwa, na hasa sisi wa shule za kutwa. Wenzetu wa bweni huenda nyumbani likizo wakakuta mtoto amekwisha zaliwa. Sisi twalala nyumbani kila siku. Tumbo la mama twaliona likikua, na maswali ya wadogo zetu twaulizwa sisi, jioni, tukiwa tunapika au tunafanya kazi ya ziada.

Hebu niwasimulie yaliyotupata. Nyumbani kwetu hapa Nakuru tulikuwa watoto watatu: mimi, dada yangu aliye katika shule ya msingi, na kaka yetu mdogo. Jina lake silitaji kwa sababu siku moja atasoma jarida hili, na sitaki anilaumu. Mwaka jana alikuwa na miaka minne. Kila mtu katika ploti alimwita kitinda mimba. Mama akitoka kwenye kibanda chake cha mboga alimwita hivyo, baba akitoka jua kali alimwita hivyo, hata mwenye duka alimwita hivyo. Yeye hakujua maana ya neno hilo. Alidhani ni jina lake la pili, tena jina la kifalme.

Mwezi wa Agosti mwaka jana akaniuliza, "Mbona tumbo la mama ni kubwa?" Nilikuwa nachambua sukuma wiki na akili yangu ilikuwa kwa mtihani. Nikamjibu, "Ameshiba." Kesho yake akaniuliza tena. Nikaona haya, nikatafuta njia ya mkato. Nikamwambia, "Mama ataenda hospitali kununua mtoto." Akaniuliza, "Kama kwa duka?" Nikasema, "Ndiyo, kama kwa duka." Akaridhika, akaenda kucheza. Mimi nikajisifu moyoni kwamba nimemaliza kesi.

Mwezi wa Oktoba, usiku wa manane, mama akashikwa na uchungu. Baba akatafuta gari, wakaenda. Kulipokucha kaka yangu aliamka akamkuta shosho jikoni akikoroga uji. Akauliza mama yuko wapi, akaambiwa, "Atakuja." Hakuambiwa lini. Wadi ya akina mama waliojifungua hairuhusu watoto wadogo, kwa hivyo hakupelekwa kumwona. Siku mbili nzima alikaa langoni. Kila mwanamke aliyepita na mfuko alimtazama, akidhani mama amerudi kutoka dukani.

Mama alipofika na mtoto wa kiume, ploti ilijaa vigelegele. Kaka yangu akasogea, akamtazama yule mtoto, akauliza, "Mlinunua pesa ngapi?" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Akangoja kicheko kiishe, kisha akasema, "Mrudisheni." Wakacheka tena. Mimi pia nilicheka. Kisha jirani mmoja akamwambia, "Wewe si kitinda mimba tena! Umepokonywa!" Hapo ndipo aliponyamaza.

Kuanzia siku hiyo mtoto aligeuka. Yeye aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani tangu zamani akaanza upya. Akataka kulishwa uji kwa kijiko. Akataka kunyonya. Chakula akakisukuma. Tukamwambia ana kijicho, tukamwambia ni mtu mzima sasa, tukamwaibisha mbele ya watoto wenzake. Naye akawa anatutazama tu.

Wiki ya tatu, siku ya Jumamosi, mama alikuwa anaanika nguo nyuma ya nyumba na mimi nilikuwa bombani. Nikasikia kelele za jirani. Nikaacha mtungi nikakimbia. Lahaula! Kaka yangu alikuwa amefika langoni, amemkumbatia mtoto mchanga ndani ya leso, kichwa cha mtoto kikining'inia kama ua lililovunjika shingo. Hatua chache mbele yake ni barabara ya matatu. Jirani akampokea mtoto haraka. Mama akaja mbio, akaketi chini kwa kuishiwa na nguvu. Tulipomwuliza kaka yangu alikuwa anaenda wapi, alijibu bila hofu yoyote: "Naenda kumrudisha kwa duka. Analia sana."

Alichapwa siku hiyo. Alichapwa na baba jioni, na mimi nilisimama mlangoni nikisikia kila kiboko. Nilijua kwamba yule mtoto hakukosa. Yeye aliamini tuliyomwambia. Kitu kikinunuliwa dukani kikawa hakifai, si hurudishwa? Mara ngapi mimi mwenyewe nimemtuma arudishe mkate uliooza au kiberiti kilicholowa? Aliyestahili kuchapwa alikuwa nimesimama pale mlangoni. Njia ya mwongo ni fupi, lakini safari hii aliyetembezwa katika njia hiyo alikuwa mtu asiyesema uongo wowote.

Namshukuru Mungu mtoto hakuumia. Lakini tangu siku hiyo nimelifikiria sana jambo hili, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Wasomaji, msidhani huzuni ya mtoto aliyetangulia ni jambo jipya lililoletwa na watu wa mjini. Nyote mnaujua ugonjwa wa kwashiorkor. Tumeusoma: miguu na uso huvimba, nywele hugeuka rangi, mtoto huwa mnyonge asiyetaka kucheza. Watu wengi hudhani neno hilo ni la Kiingereza. La hasha! Limetoka katika lugha ya Ga, inayozungumzwa Accra na pande zake, huko Ghana. Daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica, aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast, yaani Ghana ya leo, aliandika juu ya ugonjwa huo mwaka wa 1933, na mwaka wa 1935 akalitumia jina hilo la wenyeji katika jarida la madaktari liitwalo The Lancet. Na maana yake? Ni ugonjwa unaompata mtoto mkubwa wakati mdogo wake anapozaliwa. Mtoto aliachishwa ziwa kwa sababu mwingine amekuja, akapewa uji mtupu wa wanga usio na protini ya kutosha, akadhoofika. Akina mama wa kule waliona jambo hilo wakalipa jina kabla ya daktari kuja na kitabu chake.

Mimi nasema hivi: mtoto anaweza kunyimwa maziwa, na anaweza pia kunyimwa maneno. Wa kwanza huvimba miguu. Wa pili hanenepi wala hakondi, kwa hivyo hakuna anayemwona.

Najua kuna watakaonipinga, na pingamizi zao ni za maana. Wa kwanza watasema kwamba kwa mila zetu mimba haitangazwi. Wazee waliogopa jicho baya, tena waliogopa kwamba mimba ikiharibika mama ataulizwa maswali yanayoumiza. Hofu hiyo naiheshimu. Lakini kutotangaza ni jambo moja, na kudanganya ni jingine. Hakuna haja ya kumwambia mtoto wa miaka minne habari hizo katika mwezi wa pili. Mimba ya binadamu huchukua wiki 40 hivi. Ngojeni mpaka tumbo lionekane na yeye mwenyewe aanze kuuliza. Akiuliza, amekwisha kuona. Kumwambia mama ameshiba ni kumfundisha asiamini macho yake.

Wa pili watasema ni aibu. Je, mtoto ataambiwa nini juu ya mambo ya watu wazima? Hapa ndipo ninapojivunia lugha yetu. Kiswahili hakikosi maneno ya heshima. Tunasema mama ni mjamzito, tunasema amejifungua, tunasema mahali anapokaa mtoto ni nyumba ya mtoto au mji wa mimba. Kuna aibu gani kumwambia mtoto kwamba ndani ya tumbo la mama kuna nyumba ndogo, wewe ulikaa humo, mimi nilikaa humo, na sasa mdogo wetu yumo? Hakuna neno hata moja hapo la kumfanya mzee ainamishe uso. Mtoto wa miaka minne hahitaji somo lote la Biolojia la Kidato cha Tatu. Anahitaji jibu moja la kweli linalolingana na swali lake.

Wa tatu watasema, "Mbona sisi hatukuandaliwa na tulikua tu?" Ni kweli tulikua. Lakini hebu kila mmoja ajiulize anakumbuka nini. Dada yangu alipozaliwa nilikuwa na miaka mitano. Nilipelekwa kwa shosho nikiambiwa ni matembezi. Nilikaa huko siku nyingi. Niliporudi, mahali pangu kitandani kando ya mama palikuwa na mtu mwingine amefunikwa shuka langu la maua. Nimesahau mambo mengi ya utoto wangu, lakini shuka hilo sijalisahau. Na cha kuhuzunisha ni kwamba, mimi niliyeyapitia hayo, nilimfanyia kaka yangu vivyo hivyo.

Sasa basi, tufanye nini? Mimi si mzazi wala si daktari, lakini nitatoa mashauri niliyoyapata kwa kufunzwa na makosa.

Kwanza, tumwambie mtoto wakati kwa kipimo anachokijua. Ukimwambia "baada ya miezi mitatu" humwambii kitu. Mwambie, "Tukishavuna mahindi," au "Kabla ya Krismasi." Hapo atahesabu kwa njia yake.

Pili, mabadiliko yatangulie mtoto. Kama atahamishwa kutoka kitanda cha wazazi, kama ataachishwa ziwa, kama ataanza chekechea, yafanywe mapema ili ayazoee. Yakifanywa wiki ile ile mtoto anapozaliwa, atajua ni nani aliyemfukuza. Kaka yangu alihamishiwa kitanda changu usiku ule ule mama alipoenda hospitali. Wewe ungefikiri nini?

Tatu, aambiwe siku yenyewe itakuwaje. Mama anaweza kuondoka usiku umelala. Ukiamka utamkuta shosho. Mama hajapotea, yuko hospitali, atalala huko siku kama mbili kisha atarudi. Maneno hayo hayachukui hata dakika moja. Yangemwokoa kaka yangu asikae langoni siku mbili.

Nne, tusimwahidi mchezaji wa mpira. Watu wengi humwambia mtoto, "Utapata wa kucheza naye." Kisha analetewa mtu anayelala karibu siku nzima, mchana na usiku, na akiamka ni kulia na kunyonya, mara nane hadi kumi na mbili kwa siku. Huo nao ni uongo, ila umevaa nguo nzuri. Tumwambie kweli: atalala sana, atalia sana kwa sababu hajui kusema, shingo yake haina nguvu, na utosi wake ni laini hivyo hauguswi kwa nguvu. Tumfundishe kunawa mikono na kumshika akiwa ameketi, mtu mzima akiwa kando. Na kabla hajafundishwa, mtoto mchanga asiachwe naye peke yao.

Tano, tumpe kazi ndogo ya heshima lakini tusimgeuze yaya. Kuleta nepi ni sawa. Kuimba mtoto alale ni sawa. Lakini pia kila siku abakiziwe muda wake na mama, hata kama ni dakika kumi za kuogeshwa au kuchanwa nywele, bila mtu mwingine katikati.

Sita, akirudi nyuma, akikojoa kitandani au akitaka kunyonya, asichapwe wala asichekwe. Hafanyi ujeuri. Anauliza swali: je, nikiwa mdogo kama yeye, mtanipenda kama yeye? Jibu la swali hilo si kiboko.

Nina neno moja kwa wazazi na walimu. Mtoto aliyetangulia si lazima awe na miaka minne. Anaweza kuwa na miaka kumi na sita na kuvaa sare ya shule hii. Mimi pia hakuna aliyeniambia lolote. Nililiona tumbo, nikanyamaza, na mama akanyamaza. Mtoto alizaliwa karibu na mitihani ya mwisho wa mwaka, na ghafla maji, nepi, moto na wadogo wote vikawa vyangu. Nilikosa shule siku nne. Simlaumu mama, maana kazi ilikuwa nyingi na mikono ni michache. Lakini kama tungeketi mapema tukagawana kazi, baba hili, dada yangu lile, shosho lile, ningefanya mtihani wangu wa Hesabu badala ya kusikia habari zake. Wasichana wengi wa kutwa wananielewa ninaposema hivi. Walimu wetu, mkiona msichana amekosa shule siku kadhaa, mwulizeni kwanza kama kuna mtoto nyumbani kabla ya kumpa adhabu.

Mtauliza, kaka yangu yuko vipi sasa? Jioni ile baada ya kuchapwa, nilimchukua nikamweka kitandani nikamwomba msamaha. Nikamwambia, "Nilikudanganya. Mtoto hanunuliwi. Alikuwa kwa tumbo la mama, kama wewe." Akafikiri sana. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Na jina langu atachukua?" Kumbe hilo ndilo lililokuwa likimla muda wote! Alisikia amepokonywa kitinda mimba, akadhani na jina lake lenyewe litafuata.

Nikamweleza. Sisi ni Wakikuyu, na kwetu mtoto wa kwanza wa kiume huitwa kwa jina la babu mzaa baba, wa pili kwa jina la babu mzaa mama. Nikamwambia, "Wewe una babu yako na yeye ana babu yake. Hawezi kuchukua jina lako hata akilia namna gani." Siku iliyofuata nilimweleza baba maneno hayo yote, pamoja na uongo wangu. Baba hakusema kitu. Jioni alikuja na ndizi mbivu mbili, akamwita kaka yangu kwa jina lake kamili, jina la baba yake mwenyewe, wakaenda wakaketi nje wawili tu.

Sisemi kwamba wivu uliisha siku hiyo. Bado humnyang'anya mdogo wake kijiko mara kwa mara, naye mdogo wake ambaye sasa anatambaa humvuta nywele. Lakini hivi majuzi mtoto wa jirani, ambaye mama yake ni mjamzito, alikuja kwetu akisema watanunuliwa mtoto. Kaka yangu akamkatiza pale pale. "Wacha uongo," akasema. "Hawauzwi. Iko nyumba yao kwa tumbo."

Wenzangu, kama mtoto wa miaka mitano anaweza kulisema jambo hili waziwazi, sisi wa Kidato cha Tatu tunaona haya ya nini? Leo jioni, kama kuna mama mjamzito kwenu, mketishe mdogo wako mzungumze. Usingoje akuulize mara ya pili kama nilivyongoja mimi.

Kalamu yangu naiweka chini hapa.

Mwanachama wa Chama cha Kiswahili,
Kidato cha Tatu